Shahada ya Elimu ya Chekechea Katika Chuo Kikuu cha Kikristo: Uliza Haya Kabla ya Kulipa Karo

Kila msimu wa udahili, vijana na wazazi wao hutuuliza swali moja: je, shahada ya elimu ya chekechea kutoka chuo kikuu cha kanisa itamwezesha mtu kufundisha popote nchini Kenya? Itamwezesha. Ila shahada, usajili na ajira ni mambo matatu yaliyo chini ya ofisi tofauti, na wengi huyachanganya.

Kisheria, chuo kikuu cha Kikristo chenye hati rasmi hakipungukiwi na chochote mbele ya chuo cha serikali. Baraton, cha Waadventista, kilipata hati yake mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki 1992, na Daystar 1994. Jina la chuo lisikutosheleze, hata hivyo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) huidhinisha kozi mojamoja, kwa hivyo hakikisha kozi unayoitaka imo. Na stashahada ya theolojia kutoka chuo cha Biblia haimfanyi mtu kuwa mwalimu wa shule. Walimu wa shule ya Jumapili huumia wakisikia hivyo, lakini heri waambiwe mapema, kwa maana karo ni pesa za jasho.

Kujiunga na shahada moja kwa moja kunahitaji alama ya C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Aliyepata chini ya hapo hupitia cheti na stashahada kwanza. Si njia ya aibu. Wanafunzi wazuri sana hutoka huko, walimu walio kazini wanaokuja kusoma shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi wetu hupanga vizibo vitano vya soda juu ya mkeka, na chini yake vitano vingine, safu mbili zinazolingana. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anakubali kuwa ziko sawa. Safu moja inatanuliwa bila kuongezwa kizibo, na papo hapo mtoto anasema ile ndefu ina vingi. Asiye na mafunzo atamwambia, "Hapana, hesabu tena." Aliyefunzwa atamuuliza, kwa lugha ya eneo lile kama mtaala unavyotaka, "Umejuaje?" Mwanasaikolojia Jean Piaget alionyesha zamani kwamba katika umri huo macho huishinda hesabu. Mtoto hajakosa akili wala adabu, na kumkaripia hapo ni kumfundisha kuogopa hisabati. Kwa hiyo uliza chuo: mhadhiri atanitembelea darasani mara ngapi, na darasa lenyewe litakuwa la chekechea kweli?

Kuhusu imani: tarajia masomo ya Biblia, maadili na ibada katikati ya wiki. Sisi Wakristo tunaamini kila mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hilo linatudai tumheshimu pia mtoto wa Kiislamu na wa Kihindu. Mtaala wa chekechea una elimu ya dini zote hizo tatu, na Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa kuabudu. Ukiajiriwa Kwale au Garissa, kaunti zenye Waislamu wengi, utakuwa mwalimu wa watoto wote walioko darasani.

Baada ya mahafali, Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ya 2012 inakutaka usajiliwe kabla ya kufundisha. Tayarisha vyeti vyako vya masomo pamoja na cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Ajira katika chekechea za umma ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Matangazo mengi ya kaunti huomba cheti au stashahada, hivyo usitarajie shahada ikupandishie mshahara siku ya kwanza. Itakufaa zaidi ukiomba kazi ya usimamizi wa chekechea, ukufunzi chuoni, au nafasi ya uzamili.