Mwezi haukui unapochomoza

Wengi huamini kwamba mwezi mpevu huonekana mkubwa unapochomoza kwa sababu hewa huukuza kama lenzi. Si kweli. Hewa huugeuza mwekundu na kuubonyeza kidogo, basi. Upige picha ukichomoza, kisha ukiwa utosini, kwa kamera ileile: upana wake ni takribani nyuzi 0.5 za pembe pote.

Kinachobadilika ni makisio ya ubongo. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika karne ya 19, alieleza kuona kuwa ni kukisia bila kujitambua. Minazi na mapaa huuambia ubongo kuwa mwezi uko mbali, nao, kwa kuwa upana ni uleule, huukadiria kuwa mkubwa. Maelezo haya bado yana wapinzani, na wana hoja nzito: watu wengi wakiulizwa husema mwezi unaochomoza uko karibu! Utazame kupitia tundu la ngumi, minazi isionekane; mara nyingi husinyaa papo hapo.