Soma Kipimo Kwanza Ndipo Uifungue Filta ya Hewa

Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika Tabora na udongo wa barabara za vijijini umesagika ukawa kama unga, injini za dizeli za malori yanayofuata tumbaku Urambo na Kaliua, za matrekta na za mashine za kusaga hufanya kazi ndani ya vumbi mchana kutwa. Waendeshaji wengi wana mazoea ya kuvua filta ya hewa kila jioni, kuigonga kwenye tairi, kuipuliza upepo wa kompresa na kuirudisha, wakiamini kwamba wanailinda injini. Nia ni njema, ila kwa kufanya hivyo wengi wao huichakaza wenyewe.

Vumbi linaloganda juu ya karatasi ya filta huwa nalo sehemu ya chujio, kwa hiyo filta iliyokwisha kufanya kazi kwa muda hukamata chembe ndogo vizuri zaidi kuliko iliyo mpya. Anayeivua na kuipuliza kila siku huirudisha kwenye hali ya upya, tena kila inapofunguliwa, vumbi kidogo hudondokea upande safi, ambako halina kizuizi kingine hadi ndani ya silinda. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda; zikichanganyika na oili, husugua ringi za pistoni kama msasa. Kugonga hukunja karatasi na kuachanisha gundi, na upepo mkali hutoboa matundu ambayo jicho haliyaoni.

Kinachopaswa kuamua siku ya kubadilisha filta ni ukinzani wake, yaani kiasi ambacho shinikizo la hewa hupungua baada ya kupita kwenye filta. Kadiri filta inavyojaa, ndivyo injini inavyovuta kwa taabu na ndivyo tofauti hiyo inavyokua. Kwa injini nyingi zenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ukomo unaotajwa na watengenezaji ni takriban kilopaskali 6.2, sawa na shinikizo la maji yenye kimo cha sentimita 63 hivi, na kwa zisizo na turbo mara nyingi ni kama kilopaskali 5. Kitabu cha injini yako kikitaja ukomo mwingine, fuata kitabu.

Injini nyingi huja na kipimo kidogo cha plastiki kilichofungwa kwenye nyumba ya filta au kwenye bomba linalotoka humo, chenye alama ya rangi inayosogea kuelekea eneo jekundu na kubaki pale ilipofika juu kabisa, hata injini ikizimwa. Kisomwe jioni, na kirudishwe mwanzo kwa kubonyeza kitufe chake pale tu filta inapobadilishwa. Nimeona vipimo vingi vilivyozibwa kwa bolti baada ya kuvunjika, jambo linalosikitisha kwa sababu kifaa hicho ni cha bei ndogo sana kikilinganishwa na kufungua injini.

Asiye nacho anaweza kutumia mpira mwembamba unaopenyesha mwanga, akaukunja umbo la herufi U juu ya ubao, kila mkono ukiwa na urefu wa mita moja, akautia maji hadi nusu na kuunganisha ncha moja kwenye bomba baada ya filta. Tofauti ya urefu kati ya maji ya mkono mmoja na ya mwingine ndiyo kipimo, wala si kupanda kwa upande mmoja peke yake. Mikono isifupishwe, maana maji yakivutwa kuingia kwenye injini hasara yake ni kubwa.

Kipimo kinachochukuliwa injini ikinguruma taratibu bila kazi hakina maana, kwa kuwa mtiririko wa hewa ukipungua kwa nusu, ukinzani hushuka hadi karibu robo. Injini isiyo na turbo hupimwa kwenye mzunguko wake wa juu. Yenye turbo ni lazima iwe na mzigo kamili, lori likipanda mlima likiwa limejaa au mashine ikisaga mfululizo. Kwenye mashine za kusaga, kinachoziba mara nyingi ni unga na pumba kuliko udongo, na kuvutia hewa kutoka nje ya kibanda kwa bomba pana husaidia kuliko kubadilisha filta kila wiki. Kusubiri moshi mweusi au injini kukosa nguvu ni kuchelewa.

Kipimo cha mpira wa maji kinachoshuka ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi; kile cha plastiki hakiwezi kukionyesha, kwa kuwa alama yake hubaki juu. Ikiwa jana kilisoma sentimita 40 na leo, kwa mzigo uleule na filta ileile, kinasoma 20, hewa imepata njia nyingine: karatasi imechanika, klipu imelegea au bomba la mpira limepasuka. Zima injini, ondoa bomba baada ya filta na upitishe kidole safi ndani yake. Kidole kikitoka na vumbi, injini isiwashwe tena hadi mahali hewa inapopenya papatikane.