Ni dini imesema au ni ukoo? Dhana potofu kuhusu dini, maadili na familia

Kwenye vikao vya familia kuna sentensi moja ikishatamkwa ubishi unaisha: "dini yetu hairuhusu." Mkubwa akisema hivyo basi, hakuna anayeuliza imeandikwa wapi. Na mara nyingi ukifuatilia unakuta jambo lenyewe lilikuwepo kabla dini haijafika, dini ikalikuta, ikalibariki au ikalifumbia macho tu. Halafu upande wa pili kuna wale wanaosema dini siku hizi haina kazi, imebaki ya wazee, na wao wamepotea vilevile. Ngoja tupitie dhana chache.

Dhana: watu wa dini moja wana utamaduni mmoja

Hii ndo mama yao. Mtu akisikia "Mwislamu" kichwani inamjia picha ya Mwarabu, wakati Waarabu ni kama mmoja kati ya kila Waislamu watano, na Indonesia peke yake ina Waislamu zaidi ya milioni 200. Sasa hukohuko Indonesia, Sumatra Magharibi, kuna watu wanaitwa Minangkabau. Ni Waislamu kabisa, wanaswali, wanafunga, wanakwenda Hija, lakini ukoo unafuata mama. Nyumba ya ukoo na mashamba yanashuka kwa mabinti, mwanaume akioa kwa desturi anahamia kwa mkewe, na mjomba ndo mwenye sauti kwa watoto wa dada yake.

Usidhani walifika hapo kwa amani. Mwaka 1803 kuna wanazuoni walirudi kutoka Makka wakasema mila hizi hazifai, zifutwe, ikawa vita ya miaka zaidi ya 30, Waholanzi nao wakaingilia upande wa viongozi wa mila wakapata njia ya kuitawala nchi. Kilichokuja kukubalika baadaye ni hiki: mali ya ukoo inabaki upande wa mama, ila mali uliyoichuma mwenyewe kwa jasho lako inagawiwa kwa mirathi ya Kiislamu. Mtu mmoja, akifa, mali zake zinafuata sheria mbili tofauti na hakuna anayeona ajabu. Kwangu mimi huo ni mfano mzuri kuliko hotuba yoyote wa jinsi dini na utamaduni vinavyoishi nyumba moja, vinagombana, vinapatana, vinagawana vyumba.

Dhana: mke mmoja ni Ukristo, wake wengi ni Uislamu

Wagiriki na Warumi walikuwa na sheria ya ndoa ya mke mmoja kabla Yesu hajazaliwa, Ukristo ukakulia ndani ya dola ya Kirumi ukaikuta hiyo desturi. Kwenye Biblia yenyewe Yakobo ana Lea na Raheli pamoja na wajakazi wao wawili, na makabila 12 ya Israeli yanatokana na wanawake wote hao wanne. Wahindu wa India waliruhusiwa kisheria kuoa zaidi ya mmoja hadi sheria ya 1955, na mwaka uliofuata, 1956, Tunisia ambayo ni nchi ya Waislamu ikapiga marufuku kabisa. Quran inaweka kikomo cha wanne na sharti la uadilifu, na Waislamu wengi duniani wana mke mmoja tu.

Na gauni jeupe la harusi ambalo watu wanalitetea kama vile ni sakramenti? Lilishika umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa 1840. Fasheni tu.

Dhana: dini ndo imemkandamiza mwanamke (au kinyume chake, dini ndo imemkomboa)

Hapa kila upande una ushahidi wake na kila upande unaficha nusu. Uingereza, nchi yenye kanisa rasmi la taifa, mwanamke akiolewa mali yake ilikuwa inaingia mikononi mwa mumewe, na ilibidi kusubiri sheria ya 1870 halafu ile kubwa ya 1882 ndo mke akawa na mali yake kamili. Wakati sheria ya Kiislamu tangu karne ya 7 inasema mali ya mke ni ya mke, mume hana chake pale. Haya, lakini sheria hiyohiyo inampa binti nusu ya fungu la kaka yake, na hilo Waislamu wenyewe wanalijadili mpaka leo.

Ila tazama kinachotokea msiba ukiisha. Sehemu nyingi hata ile nusu dada hapewi, anaitwa pembeni, anaambiwa kwa sauti ya upole "waachie kaka zako, tusivunje undugu," anasaini. Hapo si kitabu tena, kitabu kilishampa. Ni ukoo umeamua kukipita kitabu, na kesho ukoo huohuo utasimama na kusema sisi ni watu wa dini.

Ukeketaji uweke hapohapo. Quran haijauamrisha, Biblia haijauamrisha, na Misri wameufanya Waislamu na Wakristo wa Kikopti wote, wakati kuna jamii nyingi za Waislamu na Wakristo ambazo hawaujui kabisa.

Dhana: mwenye dini ana maadili kuliko asiye na dini

Mwaka 1973 watafiti wawili wa saikolojia, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilofanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa theolojia, yaani watu wanaosomea uchungaji. Waliambiwa waende jengo la pili kutoa hotuba fupi, wengine mada yao ilikuwa habari ya Msamaria Mwema yenyewe. Njiani kukawekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa na nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisaidia, wenye haraka kidogo 45, na walioambiwa wamechelewa ni asilimia 10 tu. Kuna waliomruka kabisa yule mgonjwa wakawahi kwenda kuhubiri habari za Msamaria! Watu 40 ni wachache, sawa, usilifanye sheria ya dunia. Ila linaonyesha kuwa mtu kulijua andiko na mtu kusimama njiani ni vitu viwili tofauti.

Na historia inasema hivyohivyo. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga 1845 wakiunda umoja wao, na utumwa ndo ulikuwa kiini cha mgogoro, wakati Wakwekeri, dhehebu jingine la Kikristo, waliosoma Biblia ileile walikuwa wanapigania ufutwe. Umoja ule ulikuja kuomba radhi 1995, miaka 150 baadaye.

Dhana: wasiokwenda ibadani dini haiwahusu

Nenda Uswidi. Makanisa Jumapili yako wazi na watu wachache mno, ila sheria ya kanisa ya 1686 ilitaka kila mtu ajue kusoma, mchungaji alikuwa anapita kuwapima watu kusoma na katekisimu, anaandika kwenye daftari, na watu wakajua kusoma muda mrefu kabla ya sheria ya shule za umma ya 1842. Mjukuu asiyeamini chochote bado anakula matunda ya hilo. Hata mapumziko ya Jumapili yana amri ya Mfalme Konstantino wa Roma ya mwaka 321. Japani nako wengi ukiwauliza wanasema hawana dini, halafu mtoto wanampeleka hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Kijapani, harusi wanafunga kwa mtindo wa kikanisa na maziko yanakuwa ya Kibudha.

Dhana: nchi ya dini ni nchi ya watoto wengi

Italia ndo nyumbani kwa Ukatoliki, Papa alikataza vidonge na njia nyingine za kisasa mwaka 1968, na bado kwa miaka mingi sasa wastani ni chini ya watoto 1.5 kwa mwanamke. Iran ndo inashangaza zaidi. Chini ya utawala wa maulamaa ilishuka kutoka watoto zaidi ya 6 katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waliosaidia ni wenye vilemba haohao: walitoa fatwa kuruhusu uzazi wa mpango, na wachumba walitakiwa kuhudhuria darasa lake kabla ya kufunga ndoa. Baadaye serikali ikageuka, ikaanza kuhimiza watu wazae na mwaka 2021 ikatungwa sheria ya kuongeza vizazi. Maulamaa walewale, kitabu kilekile, na wastani bado uko chini ya 2.