B7 si biodizeli, na mafuta ya kupikia si biodizeli pia

Filta ya mafuta ikiziba, siku hizi mshtakiwa yuko tayari: "Wametuwekea biodizeli." Ukiuliza biodizeli ni nini, mmoja atasema ni mafuta ya kupikia yaliyochujwa. Mwingine atasema ni dizeli yoyote inayotokana na mimea. Wa tatu atataja B7 au B20 kana kwamba ni daraja la ubora. Wanazungumzia vitu tofauti, na fundi anayevichanganya huishia kufungua pampu isiyo na kosa.

Maana yenyewe ni fupi. Biodizeli ni esta za methili. Hupatikana kwa kuchanganya mafuta ya mimea au ya wanyama na methanoli, pamoja na kichocheo kama potasiamu haidroksaidi. Kilo 100 za mafuta na kilo 10 hivi za methanoli hutoa karibu kilo 100 za biodizeli na karibu kilo 10 za gliserini, ambayo hutengwa. Namba inayofuata herufi B ni asilimia ya biodizeli kwa ujazo. B100 ni biodizeli tupu. B20 ni lita 20 katika kila 100, na zilizobaki ni dizeli ya mafuta ghafi. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinaruhusu hadi asilimia 7, na ndiyo maana ya kibandiko cha B7 kwenye pampu za vituo vya mafuta. Kwa hiyo mwenye B7 ana dizeli yenye biodizeli kidogo ndani yake, kama vile chai yenye sukari isivyoitwa sukari.

Jina limechangia mkanganyiko. "Dizeli" ni jina la mtu, Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897. Injini ndiyo iliyoitwa hivyo kwanza, mafuta yakarithi jina baadaye. "Bio" ni Kigiriki, uhai. Ukiunganisha hayo mawili unapata neno lisilosema lolote kuhusu jinsi kitu kilivyotengenezwa, na kila mtu analijaza apendavyo.

Hapo ndipo hadithi ya karanga inapoingia. Husimuliwa kwamba Diesel alibuni injini yake ili iendeshwe kwa mafuta ya karanga. Sivyo. Katika maonyesho ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli ikitumia mafuta ya karanga, na wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikiwazia makoloni yake ya Afrika. Zaidi ya hayo, yale yalikuwa mafuta ya karanga yenyewe, si biodizeli. Kilichofanana na biodizeli ya leo kilikuja mwaka 1937, pale Mbelgiji G. Chavanne alipopewa hataza ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa esta.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye uzito wa mafuta yanapomiminika. Katika nyuzi 40 za Selsiasi, mafuta ya mimea yasiyogeuzwa ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Injekta haziyanyunyizi vizuri, hayaungui yote, na masizi hujengeka kwenye ncha zake na kwenye ringi za pistoni. Esta zina uzito unaokaribia sana ule wa dizeli. Kuna pia mafuta ya mimea yaliyotibiwa kwa haidrojeni, yaani HVO. Hayo si esta, ni haidrokaboni kama dizeli yenyewe, na hayaleti mengi ya matatizo ya filta yanayofuata hapa. Kuyaita biodizeli ni kuyasingizia.

Sasa filta. Esta ni kiyeyushi kizuri. Tangi lililobeba dizeli kwa miaka lina utando wa lami na kutu kwenye kuta, na mchanganyiko wenye biodizeli nyingi, kama B20 au zaidi, huubandua na kuupeleka kwenye filta. Uchafu huo ulikuwa wako tangu zamani. Dalili ni gari kukosa nguvu kwenye mlima au likiwa na mzigo, kisha kuwaka vizuri likipumzika. Badilisha filta baada ya tangi la kwanza au la pili, weka nyingine ya akiba, na tatizo hilo huisha lenyewe tangi likishaoshwa.

Tatizo likirudi, kata filta iliyoziba utazame karatasi yake. Matope meusi makavu ni utando wa tangi. Nta nyeupe inayoyeyuka ukiipasha moto ni baridi: esta za mawese huanza kuganda karibu na nyuzi 15, ilhali za mbegu za rapa hustahimili hadi chini ya sifuri. Ute wa kahawia wenye harufu mbaya ni vijidudu, na vijidudu huishi penye maji. Biodizeli hushika maji mengi kuliko dizeli, kwa hiyo fungua koki ya chini ya filta uyamwage mara kwa mara. Kitu kinachonata kama gundi ni mafuta yaliyozeeka kwa oksijeni, jambo la kawaida kwenye gari au jenereta iliyokaa miezi mingi bila kutumika. Shaba na zinki kwenye mabomba huharakisha uzee huo. Mipira ya zamani ya kuzibia, ya nitrili, nayo hulainika na kuvuja, na dawa yake ni mipira ya Viton, aina inayostahimili esta.

Tahadhari moja wakati wa kufunga filta mpya ya kuzungusha: usimimine dizeli ya kopo kupitia tundu la katikati. Huo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na kwenye mfumo wa komoni reli, ambapo bomba moja lenye shinikizo kubwa hulisha injekta zote, chembe ndogo tu inatosha kuharibu injekta. Toa hewa kwa pampu ya mkono, au washa swichi mara kadhaa bila kupiga starta ikiwa gari lina pampu ya umeme tangini.

Basi anayesema "biodizeli imeziba filta" aulizwe kwa upole: B ngapi, ya mafuta gani, na imekaa tangini muda gani? Akijibu B7, na filta haijabadilishwa kwa kilomita 60,000, hapo tunazungumzia filta.