Uamsho haukuletwa na ujumbe wa "tuma kwa watu 12"

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti kila uamsho mkubwa wa Kikristo ulianza kwa mnyororo wa maombi, kwa hiyo tuma sala hii kwa watu 12 kabla ya usiku wa manane. Ukiukata, baraka zinakupita.

Ni kweli kwamba maombi yalitangulia uamsho mwingi. Lakini watu walikutana ana kwa ana. Huko New York, tarehe 23 Septemba 1857, mkutano wa maombi wa saa sita mchana ulipata watu sita tu. Wiki iliyofuata walikuja 20, kisha 40, ndipo ukawa wa kila siku. Mwenye dakika chache aliingia, akaomba, akarudi kazini. Oktoba benki za jiji zikakwama, na hofu ile nayo iliwasukuma wengi.

Nadhani wengi huchanganya na jambo la kweli. Kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 waumini walipangiana zamu za saa moja moja, usiku na mchana, zikaendelea zaidi ya miaka 100. Hakukuwa na vitisho.

Kuhakiki ni rahisi: ujumbe unataja mahali na mwaka? Ukitaja, linganisha na kitabu cha historia ya Kanisa.

Tafadhali tuache kuusambaza. Mgonjwa anayeupokea usiku hulala na hofu bure. Afadhali umpigie simu, uombe naye.