Kabla hujang'oa gloriosa porini

Masika yakishika Nairobi, simu yangu hujaa picha za ua lile lile: petali sita nyekundu zenye kingo za manjano, zimejikunja kuelekea juu kama ndimi za moto. Mmoja amelikuta kichakani huko Ngong, mwingine limepanda ua wa kayaba wa jirani. Swali nalo ni lile lile: "Nikiling'oa nikalipande kwangu, litashika?" Mara nyingi halishiki. Na hata likishika, kuna jambo ambalo kila mwenye watoto, mbwa au mbuzi anapaswa kulijua kabla hajachukua jembe.

Mmea huu ni Gloriosa superba, jina ulilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Asili yake ni Afrika na kusini mwa Asia, na kwetu unaota tangu pwani hadi nyanda za juu. Unapenda kingo za misitu, vichaka na nyasi ndefu, mahali ambapo miguu yake iko kivulini na kichwa kiko juani. Shina lake ni jembamba, haliwezi kusimama peke yake. Tazama ncha ya jani: imerefuka ikawa kikono, nacho kikigusa kijiti hujiviringisha na kukikamata. Mmea mzima hupanda hivyo, jani kwa jani.

Ua lenyewe nakuomba ulitazame kwa utulivu. Chipukizi lake hutazama chini likiwa la kijani. Likifunguka, petali hugeuka nyuma kabisa, kingo zikiwa na mawimbi, na kwa siku kadhaa rangi hutoka kijani-manjano hadi nyekundu iliyokolea. Stameni sita, yaani vijiti vyenye chavua, hutanda kuzunguka ua. Kisha kuna maajabu madogo: kijiti kinachobeba stigma, sehemu inayopokea chavua, badala ya kunyooka, hukata kona pale pale kwenye shina lake na kutokeza kando, mbali na katikati ya ua. Kipepeo mkubwa au ndege aitwaye chozi anapokuja kutafuta nekta, mabawa yake hugusa chavua upande mmoja na stigma upande mwingine. Kwa mpangilio huo si rahisi ua kujichavusha lenyewe.

Wenzetu wamelitukuza. Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Mwaka 1947, wakati nchi hiyo ikiitwa Southern Rhodesia, Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia wa Uingereza, alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo la ua hili. Huko India, Tamil Nadu imelichagua kuwa ua la jimbo lake, na wakulima wa huko hulilima kwa ajili ya mbegu zinazouzwa kwa viwanda vya dawa. Japani na Ulaya huuzwa kama ua la kupamba meza na harusi. Sisi tunaouza waridi dunia nzima tumeliacha lifyekwe pamoja na magugu kila tunapojenga. Jambo hilo linaniuma.

Viwanda vya dawa vinalitaka kwa sababu ya kolchisini, na hapa nisikilize kwa makini. Kolchisini huzuia seli kugawanyika. Kwa kipimo kidogo sana, mkononi mwa daktari, hutuliza maumivu ya jongo. Wataalamu wa mbegu nao huitumia kuzidisha maradufu kromosomu za mimea. Lakini mtu akila sehemu yoyote ya gloriosa, hasa kiazi chake, anaweza kufa. Kiazi hicho ni cheupe kwa ndani na kinafanana na kiazi kikuu kichanga, kwa hiyo kimewahi kudhaniwa chakula. Kuchemsha hakuondoi sumu. Kutapika na kuharisha huweza kukawia saa kadhaa, na mtu akadhani yuko salama. Usingoje dalili, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea. Na yeyote anayekushauri utumie mizizi yake kama dawa ya nyumbani, usimsikilize.

Sasa, kwa nini kung'oa hakufai? Kiazi kimepinda umbo la V na kinavunjika kirahisi, na chipukizi la msimu ujao liko kwenye ncha. Jembe likikata ncha, ulichobeba ni wanga tu. Zaidi ya hayo, kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa serikali bila kibali ni kosa.

Anza na mbegu, au nunua kiazi kwenye kitalu kinachozalisha chenyewe. Muulize mwenye kitalu alikitoa wapi, akisitasita, ondoka. Mbegu ziko ndani ya tunda linalopasuka likikauka, zina ganda jekundu, na zinachukua wiki nyingi, pengine miezi, kuota. Ua la kwanza litakuja baada ya miaka 2 au 3, wakati mwingine zaidi. Vaa glavu, kwa maana utomvu huwasha ngozi za wengine.

Udongo ndio unaoamua. Kwenye udongo mwekundu wa Karen au Kikuyu hutapata shida. Ongeza mboji kidogo tu. Kitengela, Syokimau na Embakasi, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, kiazi huoza. Huko panda kwenye tuta lililoinuliwa au chungu kirefu, ukichanganya mchanga na kokoto. Kilaze kiazi ubavu, sentimita 5 hadi 8 chini, wiki chache kabla ya mvua, na usimike kijiti cha mmea kupandia siku hiyo hiyo, usije ukakitoboa kiazi baadaye. Zungushia wavu kama kuna mbuzi au watoto wadogo.

Mvua zikipita, mashina yatakuwa ya manjano na kukauka. Watu wengi hapo huanza kumwagilia kwa wingi wakidhani mmea unakufa, na maji hayo ndiyo huuozesha. Acha. Kiazi cha zamani kimekwisha, kimeacha kipya, mara nyingi viwili, na vinalala. Weka alama mahali pale ili mtunza bustani asilime juu yake, kisha usikiguse hadi vichipukizi vitokeze mvua zikirudi.