Je, wajua kwa nini jani lisilotoa pete maabara laweza kuwa dawa?

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayotanda kati ya Kigoma na Tabora, ndiyo ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Penye mimea ya majimaji mingi hivyo, swali huzuka lenyewe: utajuaje kama jani fulani ni dawa? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: lipimwe maabara, itazamwe pete yake, yaani mduara ambamo bakteria wameshindwa kukua. Pete pana, dawa kali. Pasipo pete, hakuna dawa. Nilikosea, na ni kosa ambalo bado nalisikia kwa watu wengi makini.

Pete hupatikana hivi. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, huloekwa katika maji au spiriti, kisha huchujwa. Kijikaratasi cha mviringo chenye upana wa milimita 6 hutiwa maji hayo na kuwekwa juu ya jeli ya mwani iliyopakwa bakteria. Baada ya usiku mmoja katika joto la mwili, bakteria huwa wametanda kama ukungu, isipokuwa pale walipozuiwa. Hapo hubaki mduara mtupu, unaopimwa kwa rula. Kando yake lazima kiwepo kijikaratasi chenye spiriti peke yake, maana spiriti nayo huua bakteria.

Sasa, jeli hiyo karibu yote ni maji. Chukua sahani ya uji uliopoa ukaganda. Upande mmoja weka chumvi kidogo ya Uvinza, upande wa pili tone la mawese. Ukirudi asubuhi, chumvi utaionja mbali na ulipoiweka. Mawese yatakuwa palepale. Hutasema chumvi imeyashinda mawese kwa nguvu. Imeyashinda kwa mwendo tu. Kemikali za majani nazo ziko hivyo: zile ndogo zinazoyeyuka majini hufika mbali hata zikiwa hafifu, na zile kubwa au zenye asili ya mafuta hubaki karibu na karatasi hata zikiwa kali. Pete hupima ukali na mwendo kwa pamoja, na rula haiwezi kuvitenganisha.

Ndiyo maana watafiti huhamia kwenye kibao chenye vishimo 96. Dawa na bakteria huchanganywa humo moja kwa moja, kila kishimo kikipewa nusu ya kilichotangulia, hadi ijulikane kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua. Hapo hakuna safari.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni Centella asiatica, mmea unaotambaa kwenye udongo wenye unyevu, majani yake ya duara kama figo. Una asiatikosidi, kemikali ambayo uzito wa molekuli yake unakaribia mara tatu ya ule wa penisilini. Kwa muda mrefu umetumika kutibu vidonda. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo, na ziliwahi kuripotiwa kesi chache za ini kudhurika kwa walioumeza, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kujitibu hapa. Lakini katika majaribio ya seli, asiatikosidi huchochea seli za ngozi kutengeneza kolajeni, ile protini inayofunga kidonda. Na kwenye jeli ya bakteria hakuna hata seli moja ya ngozi.